Mashine Yako Inavuma

6 Februari

Mdogo wangu Waya,

Hamjambo huko? Baba anaendeleaje na lile goti? Sisi huku tunasukuma siku. Wifi yako amepangiwa zamu mpya kiwandani, kwa hiyo siku hizi tunasalimiana mlangoni, yeye anatoka, mimi naingia. Yule wetu wa mwisho ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele za watu. Anasema anasubiri shangazi yake amtumie jino jingine.

Najua utashangaa kupata barua. Lakini tangu msiba wa Mama, kila nikikupigia simu lazima mmoja wetu amkatie mwenzake, na Baba naye simu haitaki tena, anasema inamchosha. Barua angalau huwezi kuikata katikati.

Kwenye boksi kuna kompyuta ya Baba. Usiicheke udogo wake, inaenea kwenye kiganja lakini kazi inafanya. Aliniomba mwenyewe, na sababu zake anazo. Si unajua kituo cha redio kimemkumbuka? Kanda zote alizorekodi enzi zake wamezihamishia kwenye diski za kompyuta, na sasa wanamtaka azisikilize moja moja, aondoe makelele, awarudishie zikiwa safi. Mkuu wa maktaba ya kanda amesema kazi hiyo hampi mtu mwingine maadamu Masikio yu hai. Fikiria, amestaafu miaka yote hii na bado wanamwita Masikio! Usimwone amekaa kimya, furaha imemjaa mpaka kooni.

Unganisha mashine na amplifaya yake ile kubwa na spika zake mbili. Basi. Usiifungue. Nakujua wewe, ukiona skrubu mkono unakuwasha.

Kaka yako,
Spika


2 Machi

Kaka,

Salamu zimefika, na boksi limefika limebonyea pembe moja, ila mashine ni nzima. Baba hajambo. Goti linamsumbua asubuhi tu, akishazungukazunguka linalegea. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe. Dukani kazi zipo. Juzi nimeletewa redio ambayo panya amejenga ndani akazaa, na mwenyewe anabisha, anasema ilikuwa inaimba vizuri mpaka jana yake. Huyo kibogoyo wangu mwambie acheke tu, jino linakuja lenyewe.

Umetia sahihi "Spika" kana kwamba bado tuko watoto. Baba alikuita hivyo kwa sababu mdomo wako haukufungwa, na mimi akaniita Waya kwa wembamba. Siku hizi mimi si mwembamba, na wewe umenyamaza sana.

Haya, mashine. Baba aliifurahia, usiseme. Alivaa shati lake la kazini, lile la mikono mirefu, ndipo akakaa mbele yake. Nikamfungulia wimbo wa kwanza, wa ile bendi iliyokuwa na besi kubwa ya mbao. Akasikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Nikajua sasa atashukuru. Akasema, "Inavuma."

Nikamwuliza inavumaje. Akasema ni mvumo wa chini chini, kama friji iliyoko chumba cha pili, na haukatiki. Nikatega sikio. Kifeni cha mashine yako nakisikia, kinalia kama mbu aliyebanwa na mlango, na nyuma yake kuna mchakacho mwembamba. Huo mvumo wenyewe siupati vizuri, lakini mimi si Masikio. Yeye akisema inavuma, inavuma.

Unakumbuka alivyotufundisha pale dukani, kwamba kelele haitafutwi kwa kubahatisha. Kwanza umeme, pili waya, tatu mashine. Umeme nimeupima, waya nimebadilisha zote. Imebaki mashine. Yaani wewe unaendesha mitambo ya sauti kwenye ukumbi mzima wa maonyesho, halafu baba yako mzazi unamtumia kitu cha kumpigia kelele? Ungekuja ukaisikia kwa masikio yako. Hata hujasema utakuja lini.

Waya


24 Machi

Dada yangu,

Nimefurahi goti linalegea. Mimi kikohozi kimenikalia, nakunywa maji ya moto kama mgonjwa wa wodini. Wifi yako anasalimu.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia, bado ikaniudhi. Mashine hiyo niliichagua kwa mikono yangu. Kabla ya kuifunga niliiwasha hapa nyumbani nikaisikiliza kwa hedifoni za kazini, na ilikuwa kimya. Kama inavuma huko, basi tatizo liko huko.

Sasa sikiliza, na usifanye kichwa kigumu. Hiyo adapta ni ya aina inayokatakata umeme kwa kasi, na uchafu wake hupita kwenye waya ukaingia kwenye sauti. Huku umeme ni mtulivu, haikuonekana. Huko kwenu ndiyo inaleta vituko. Itupe kando, utengeneze ya kizamani: transfoma, dayodi nne, kapasita kubwa mbili, na rigaleta ya kushikilia volti kumi na mbili zisipande wala kushuka. Transfoma ya ile amplifaya iliyoungua inatosha, iko chini ya meza ya Baba kama hujaiuza. Iweke mbali na mashine, ndani ya kasha lake. Na lehemu yako iwe nyembamba inayong'aa, si yale mabonge yako kama umebandika uji.

Najua niliandika usifungue. Sasa nasema fungua.

Hujaniambia kama Baba ameanza kuwarudishia kazi yao. Mwambie asikawie, wale watu wana haraka. Kuhusu kuja, ukumbi una maonyesho mfululizo. Tusianze hayo.

Spika


19 Aprili

Kaka,

Pole na kikohozi. Kitibu, usiwape watoto. Hapa mvua imetuchosha, nguo hazikauki, na nyumba nzima inanuka sabuni. Baba anakula, ila amekuwa mtu wa kisirani, nitakueleza.

Ile adapta ya kizamani nimeitengeneza. Transfoma ilikuwepo, sikuiuza, mimi siuzi vitu vya Baba. Nimeifunga kwenye kasha la bati, nikalisogeza hadi mwisho wa meza. Lehemu nimemwonyesha Baba mwenyewe, akapitisha kidole juu yake akasema, "Hii ni mkono wangu." Nimekuandikia hilo makusudi ulisome mara mbili.

Na nakubali, hapo ulisema kweli. Ule mchakacho umekwisha kabisa. Sauti imefunguka, Kaka. Kwenye ule wimbo wa besi nilimsikia mpiga gitaa akivuta pumzi kabla ya kuanza. Miaka yote nimeusikia wimbo ule na sikujua kama mtu yule alipumua. Nilitaka kulia kwa furaha.

Baba akasema, "Umepiga hatua. Lakini bado inavuma. Itakuwa feni."

Nikafungua tena. Feni nimeipunguza mwendo kwa kuitilia rezista, ikawa inazunguka polepole kama inafikiria. Nikatoa skrubu zake, nikaining'iniza kwa vipande vya mpira nilivyokata kwenye tyubu ya baiskeli, ili mtetemo usipite kwenye bodi. Ukiweka mkono juu ya mashine huhisi chochote. Mimi sasa hata yule mbu wako simsikii. Baba akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema, "Bado."

Sasa hicho kisirani. Amehamisha kiti chake, anakaa upande upande, bega la kulia ndilo linaloelekea spika. Anasema spika ya kushoto imechoka, ameiongezea sauti mpaka vikombe vinatetemeka. Nimeifungua nikaikagua, haina ugonjwa. Juzi nikamwita nikiwa nimesimama kushoto kwake, karibu kabisa, hakugeuka. Nikajua bado amenuna kwa sababu ya mvumo, nikamwacha na kununa kwake.

Kanda za kwanza amekwisha kuzisafisha akawapelekea. Anasema mvumo ulikuwa umeingia hata kwenye kanda zenyewe, akaukata wote.

Hujajibu utakuja lini. Nimeona ulivyoliruka.

Waya


11 Mei

Dada,

Huku tunaendelea. Kikohozi kimepona. Jino la mtoto limeanza kuchungulia, amerudi kucheka, na sasa ndiyo hanyamazi.

Baba alinipigia wiki iliyopita kwa simu ya jirani. Aliongea kwa sauti kubwa mpaka wifi yako akaja kutoka jikoni akidhani tunagombana. Kila nikisema neno ananijibu "Eeh? Eeh?" Hizo simu za huko ni mbovu kweli. Ameniambia una haraka, kazi unaiacha nusu, mawazo yako yote yako dukani. Nakueleza alivyosema, sikuongeza chumvi.

Spika ikichoka, ni koni yake ya karatasi imechanika pembeni ambapo huoni. Angalia tena kwa tochi.

Na feni itoe. Usiitie mipira wala nini, iondoe kabisa. Mashine ile inaweza kupoa bila feni ukiibandika bamba nene la alumini juu ya chipu, lenye upana wa kutosha. Halafu achana na umeme wa ukutani, tumia betri ya pikipiki iliyojaa. Hapo hakuna adapta, hakuna transfoma, hakuna kitu kinachozunguka. Kama bado kuna mvumo hapo, nitaila hiyo mashine mbele yako.

Baba enzi zake alisikia taa ya korido ikivuma akiwa ndani ya studio ya ghorofa ya pili, milango imefungwa. Mtu huyo akisema kuna kelele, kazi yetu ni kuitafuta, si kusema "sisikii".

Spika


8 Juni

Kaka,

Watoto wasalimie. Wifi pia, mwambie kile kitambaa alichotuma nimeshona, kimenikaa. Baba yuko, anakula kidogo. Leo sina maneno ya kupamba.

Kanda zimerudi. Mkuu wa maktaba alikuja nazo mwenyewe, hakutaka kumtuma mtu. Alikaa sebuleni akanywa chai yote ndipo akasema. Alisema wimbo hauna tumbo. Ile besi ya mbao haipo. Sauti ya mtangazaji mnene, yule mliyekuwa mkimwigiza wewe na Mama, imekuwa sauti ya mvulana. Chochote cha chini kimekatwa. Alisema kwa adabu, macho kwenye kikombe. Nikafungua kanda moja pale pale nikasikia. Ni kweli, Kaka. Baba ameikata besi akidhani anakata mvumo.

Baba alifoka. Sijawahi kumwona vile, hata Mama alipofariki. Alisema, "Mashine ya mwanangu inavuma, na binti yangu hajui kazi, ningefanyaje?" Mbele ya mgeni. Mimi niliyemzibia paa, niliyekata mipira ya baiskeli mpaka vidole vikachubuka. Nilikwenda jikoni, nikarudi na chai nyingine.

Mgeni alipoondoka nikafanya kama ulivyoagiza. Feni nikaing'oa. Bamba la alumini nikalikata kwenye mfuniko wa sufuria kubwa ya Mama, nikalisugua likawa bapa, nikalibandika juu ya chipu. Betri ya pikipiki nikaijaza chaji. Jumamosi asubuhi Baba akavaa lile shati lake, akakaa. Nikawasha. Kaka, hata mimi mwenye masikio ya kawaida, nilisikia chumbani mle kitu ambacho sijawahi kukisikia: kimya kitupu. Spika zilikuwa zimewaka na hazitoi kitu. Nilijivunia. Nilijisemea, akikataa na hapa, basi tena.

Akasema, "Bado."

Sijui nilisukumwa na nini. Labda hasira. Alikuwa amenipa mgongo, amefumba macho. Nikachomoa betri. Nikazima amplifaya. Nikaenda jikoni nikachomoa friji, nikashusha swichi kuu ya nyumba. Hakikubaki kitu chenye umeme ndani ya nyumba ile. Nikarudi nikasimama kushoto kwake, nikamwuliza, "Na sasa, Baba?" Hakujibu. Nikazunguka kulia nikauliza tena.

"Bado," akasema. "Ule ule."

Nilikuwa nimeshika ncha ya waya mkononi, haijaunganishwa na chochote. Nilimwambia, "Haya Baba, nitaangalia tena." Sikuweza kusema zaidi. Wewe nakwambia: mvumo hauko kwenye mashine. Uko ndani ya sikio la Baba, la kushoto.

Njoo. Si kwa ajili ya mashine. Mimi sitaweza kumwambia peke yangu.

Waya


29 Juni

Dada,

Tumepata salamu zako. Wote wazima.

Umenisikitisha. Unazima taa, unamvizia mzee kwa nyuma, halafu unaniandikia kwamba Masikio hasikii? Waya za jirani zinapita ukutani kwenu. Ukizima umeme wako, wa jirani haujazimika. Na kule nyuma ya duka kuna transfoma ya mtaa, ile inayovuma mpaka nguzo inatetemeka. Ulikwenda kuisikiliza? Hukwenda. Ulikimbilia kumfanya Baba mgonjwa kwa sababu kazi imekushinda.

Na kama unataka ushahidi kwamba ni umeme wa nyumba hiyo, ninao. Si mashine yangu peke yake. Hata ile redio yake kubwa ilikuwa inavuma. Aliniambia mwenyewe tangu mwaka jana, kabla Mama hajaugua, kwamba inavuma usiku na mchana na haimpi raha, na kwamba nisikwambie wewe maana utaifungua. Ndiyo sababu aliniomba mashine mpya.

Nimeirudia sentensi hiyo. Redio ile mlikuwa mkiisikiliza nyote, na aliyeusikia mvumo ni yeye peke yake. Nilitaka kuchana karatasi nianze upya, lakini utakuwa uongo.

Mpeleke hospitali.


21 Julai

Kaka,

Wote hapa tunapumua. Sina habari nyingine za nyumba, hii ndiyo habari ya nyumba.

Nilimpeleka. Nilimdanganya kwamba tunakwenda kuonyesha goti. Daktari wa masikio ni mama mmoja mpole, anaongea taratibu, na alihamia kulia kwa Baba mara tu alipomwona akikaa, bila kuambiwa na mtu. Mimi ilinichukua miezi. Wakampima, wakampiga picha ya kichwa. Kuna uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, upande wa kushoto. Si wa kumuua, amesema, hukua taratibu, na kwa umri wake watauangalia tu, hawatampasua. Lakini sikio lile limekwisha. Halirudi. Na mvumo hautakwenda popote, atazeeka nao.

Daktari akauliza ulianza lini. Baba akajibu, "Mashine ilipofika." Nikatazama sakafu. Nikasema, "Mwaka jana." Daktari akaweka kalamu chini. Akasema uvimbe wa namna hii ukionwa ukiwa mdogo, mara nyingine sikio huokolewa. Hakusema kwa ukali. Angefoka ningepata la kumjibu.

Mwaka jana, Kaka. Baba alikwambia redio inavuma, ukafanya nini? Ukanunua kompyuta. Ukaniandikia habari za dayodi na kapasita. Na mimi nikiwa hapa, nikimwona amegeuza kiti, nikimwita haitiki, nikasema amenuna. Nilikuwa na mita mkononi, napima waya. Watu wote duniani mzee wao akisema anasikia mvumo, wanamchungulia sikio. Sisi tulichungulia feni. Kwanza umeme, pili waya, tatu mashine. Ya nne hakutufundisha, kwa sababu ya nne ingekuwa yeye.

Nakuchukia kidogo. Najua na wewe una lawama zako juu yangu. Ningeweza kukulaumu peke yako ningelala vizuri.

Mkuu wa maktaba alikuja kuchukua kanda zilizobaki. Alizipakia taratibu, akaongea maneno mazuri, kwamba kituo kitamkumbuka daima na mlango uko wazi. Alikuwa amekaa kushoto. Baba aliitikia kwa kichwa maneno ambayo hakuyasikia, akitabasamu, na mimi nikaacha iwe hivyo.

Siku ya nne baada ya mgeni kuondoka, Baba akanikuta mezani, akaniuliza, "Ile feni iko wapi?"

Nikasema nimeiweka kwenye droo.

"Irudishe. Na adapta yake, ile iliyokuja nayo."

Nikamwambia, Baba, tumehangaika miezi yote hii kuitoa, sasa mashine ni kimya kabisa, hakuna iliyo kimya kama hii mjini. Akanitazama. "Hicho kimya ndicho sikitaki," akasema. "Kwenye kimya nausikia peke yake."

Nikairudisha. Betri nikaitoa, lile kasha la transfoma nililolipenda nikalichomoa, mfuniko wa Mama nikaubandua. Feni nikaikaza kwa skrubu zake zote, bila mpira, bila rezista, iende mbio ipendavyo. Nikawasha. Yule mbu wako akaanza kulia, na mchakacho ukarudi. Baba akakaa. Hakuvaa shati la kazini, alikuwa na fulana tu. Akasikiliza, na uso wake, Kaka, ukalegea kama wa mtu aliyeshushiwa mzigo.

"Unausikia?" akaniuliza.

Nikasema, "Nausikia, Baba."

"Unaona? Nilisema mimi. Mwambie kaka yako mashine yake inavuma."

Haya. Nimekwambia.

Waya


15 Agosti

Dada yangu,

Barua yako imenikuta kazini. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nikazivua, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kusikiliza. Wifi yako amelia. Mimi bado.

Sina la kujitetea. Uliyoandika yote ni kweli, na hata hiyo chuki kidogo naistahili. Lawama zangu juu yako nilikuwa nazo, nimezitafuta leo sikuziona.

Kuhusu kuja, siji sasa. Usikasirike, au kasirika, ni haki yako. Nimelifikiria sana. Kwenye karatasi naweza kumwandikia Baba anachotaka kusikia. Nikikaa mbele yake ataniangalia usoni, na macho yake hayajaharibika. Nipe muda. Najua muda ndio ule ule niliokwisha kuupoteza.

Haya ya chini ni yake. Msomee polepole, kwa sauti, na ukae kulia kwake. Feni iache iwake.

Baba, shikamoo. Dada ameniambia. Nimeuliza wenzangu hapa kazini na wote wamekubaliana na wewe: mashine niliyokutumia ni mbovu. Feni yake ilikuwa mbaya tangu dukani, na adapta ndiyo balaa kabisa. Mimi niliisikiliza kabla ya kuituma na sikuisikia, kwa hiyo kosa ni langu. Zile kanda ziliharibika kwa sababu ya kifaa changu, si kwa sababu ya mkono wako. Nitatafuta nyingine, lakini nasikia za siku hizi zote zinavuma, wanazitengeneza ovyo. Usisumbuke kuitafuta hiyo kelele tena, Baba. Uliisikia tangu mwanzo, sisi ndio tuliochelewa. Masikio yako ni mazima.

Mwanao,
Spika